Vijarida mia tatu ndani ya maboksi: maswali yenu kuhusu maktaba za mtaani

Tuliomba maswali kuhusu maktaba za vijarida vya kujichapishia, vile ambavyo vijana wa mjini huviita zine: kurasa chache za fotokopi, pini mbili mgongoni, nakala hamsini zinazopita mkono kwa mkono. Barua nyingi zilifanana. Tumebakiza hizi sita.

Hamjambo. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Kisauni. Tumekusanya vijarida kama mia tatu, viko kwenye maboksi ya sabuni. Mwalimu mmoja mstaafu ametushauri tuvipange kwa namba za Dewey. Tuanzie wapi? (Msomaji, Mombasa)

Kwa vitabu, mwalimu wenu hakukosea. Mpango wa Melvil Dewey, uliotoka mwaka 1876, hukipa kila kitabu sehemu moja rafuni kufuatana na mada yake kuu. Kijarida hakina mada kuu. Chenye kurasa 16 kinaweza kuanza na shairi la mapenzi, kikalalamikia nauli za matatu, kikamalizia na mapishi ya viazi karai. Mkikiweka kwenye ushairi, anayetafuta mapishi hatakiona. Mkiviweka vyote 050, mahali pa majarida, basi maktaba nzima itakuwa 050 na namba haitamsaidia mtu.

Rafuni tumieni namba ya mapokezi tu. Kilichoandikwa kwanza ni 0001, kinachofuata 0002, hivyo hivyo hadi mwisho. Kipya kinakaa mwishoni na hakuna kinachosogezwa. Kutafuta kwa mada ni kazi ya katalogi, yaani orodha ya kila kilichomo, na katalogi ina uwezo wa kukiweka kijarida kimoja chini ya mada nne kwa mara moja, jambo ambalo rafu haiwezi.

Kabla ya kuandika neno lolote, mwageni kila kitu mezani na mkusanye matoleo ya jina moja pamoja. Nakala zinazojirudia zitajitokeza zenyewe, msizitupe. Maktaba ya chuo cha Barnard, New York, ambayo ilianza kukusanya vijarida mwaka 2003, huweka nakala moja kwenye hifadhi na ya pili rafuni ili isomwe na kuazimwa. Hata ninyi wenye chumba kimoja mnaweza kufanya hivyo kwa boksi lililofungwa na boksi lililo wazi.

Namba iandikwe kwa penseli laini, 2B inatosha, ndani ya jalada la nyuma, kona ya chini karibu na mkunjo. Kalamu ya wino hupenya karatasi ya fotokopi. Stika nazo ni janga la polepole: baada ya miaka michache karatasi ya juu hudondoka na gundi hubaki ikikamata ukurasa wa jirani. Kama jalada ni jeusi, andikeni kwenye ukanda wa karatasi nyeupe wenye upana wa sentimita 3 na mwuingize katikati ya kijarida, kichwa chake kikichungulia juu.

Vijarida havina mgongo wa kusimamia, kwa hiyo vinahitaji boksi la majarida, lile la kadibodi lililokatwa mshazari. Kijarida cha A5 chenye kurasa 24 kina karatasi sita za A4 zilizokunjwa. Pamoja na mkunjo, unene wake ni kama milimita 2. Boksi lenye upana wa sentimita 10 litabeba arobaini na kitu bila kubanana. Likijaa nusu, vijarida vitalala na kupinda. Wekeni kipande cha kadibodi kilichokunjwa kuziba nafasi. Vile vidogo vya karatasi moja ya A4 iliyokunjwa mara tatu na kukatwa mara moja katikati, vyenye kurasa nane za milimita 74 kwa 105, vitapotea kati ya vikubwa. Kila kimoja kiingie kwenye bahasha yake yenye namba.

Kisha Excel, au jedwali lolote la bure. Mstari mmoja kwa kila toleo, si kwa kila jina: toleo la 1 na la 2 ni mistari miwili. Safu zinazotosha kuanzia ni hizi: namba, jina la kijarida, namba ya toleo, mtengenezaji, mwaka, mji, lugha, kurasa, kipimo, namna kilivyochapwa, mada, muhtasari wa sentensi mbili, ruhusa, aliyetoa, idadi ya nakala, maelezo. Ziko 16. Wakutubi wa vijarida huko Marekani walitengeneza mpangilio uitwao xZINECOREx, uliojengwa juu ya vipengele 15 vya Dublin Core, kiwango cha kimataifa cha kuorodhesha maelezo ya kazi, ili orodha za maktaba mbalimbali ziweze kuunganishwa siku moja. Safu hizi hazikwenda mbali na mpangilio huo, kwa hiyo hamtajifungia mlango.

Sasa tahadhari, na hii ndiyo inayoharibu orodha nyingi. Excel hujifanya inajua kuliko wewe. Ukiandika 0001 itabaki na 1. Ukiandika toleo la "3-4" itageuza kuwa tarehe, na hutagundua hadi miezi imepita. Kabla ya kuingiza chochote, chagueni jedwali lote na mpange kila safu iwe maandishi matupu (Text). Mkimaliza siku, hifadhini nakala nyingine ya CSV, ambayo programu yoyote huisoma, na nakala hiyo ikae kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Kwa mwendo wa dakika tano kwa kijarida, mia tatu ni saa 25. Watu wawili wawili, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akichapa, hukosea kidogo kuliko mmoja peke yake. Mtu akiwaletea programu kubwa ya maktaba kama Koha, mshukuruni, mngoje. Ni nzuri, lakini inataka seva na mtu wa kuitunza, na maktaba ya kujitolea ikimpoteza mtu huyo hupoteza na katalogi.

Ndugu mhariri, nusu ya vijarida vyetu havina jina la mwandishi wala mwaka. Vingine jina la jaladani ni tofauti na la ndani. Nimeanza kuweka alama ya kuuliza kila mahali na orodha inachekesha. (Msomaji, Sinza, Dar es Salaam)

Alama za kuuliza si dhambi, ila zipewe utaratibu. Ya kwanza: nakili kilichoandikwa kama kilivyoandikwa. Jina likiwa na makosa ya tahajia, liache na makosa yake, kisha kwenye maelezo weka tahajia sahihi ili anayetafuta alifikie. Jaladani likiwa moja na ndani jingine, fuata la jaladani, la ndani lipeleke kwenye maelezo. Kisicho na jina kabisa kipe maneno ya kwanza yanayosomeka, ndani ya mabano ya mraba. Mabano ya mraba ndiyo ishara ya wakutubi kwamba neno hili limetoka kwetu, si kwenye kijarida.

Mwaka nao ni hivyo hivyo. [2011] maana yake haukuandikwa lakini una ushahidi. [2011?] maana yake unakisia. [201-] maana yake ni muongo huo, zaidi ya hapo hujui. Usiache wazi, kwa sababu nafasi tupu haimwambii mtu kama ulitafuta ukakosa au ulisahau.

Ushahidi upo mwingi kuliko unavyodhani. Angalia namna ya kulipia: namba ya M-Pesa kwenye kijarida cha Kenya hukifanya kiwe cha Machi 2007 au baadaye, kwa kuwa huduma ilianza hapo, kwa Tanzania ni 2008. Anwani ya Instagram haiwezi kutangulia Oktoba 2010. Tangazo la tamasha lenye "Jumamosi tarehe 14 Juni" bila mwaka linakupa miaka michache tu ya kuchagua, kwa kupekua kalenda. Bei, matokeo ya mpira, jina la waziri aliyekejeliwa, vyote ni saa. Lakini kuwa macho na kitu kimoja: ushahidi huu unakuambia kijarida hakikutoka kabla ya lini. Nakala uliyoshika inaweza kuwa fotokopi ya miaka kumi baadaye, yenye namba mpya ya simu iliyobandikwa juu ya ile ya zamani. Ukiona kivuli cha ukingo wa karatasi kuzunguka namba ya simu, hiyo ni alama ya kubandika.

Kuhusu mwandishi, tuwe wakali kidogo. Andika jina lililo kwenye kijarida, hata kama ni "Binti wa Ghorofa ya Tatu". Hata kama unamjua, mnasali msikiti mmoja, na dada yake ni jirani yako. Aliyechagua jina la kificho alikuwa na sababu, na katalogi yako ikilifungua utakuwa umefanya kile alichokimbia. Fungua karatasi ya pili ndani ya jedwali iwe orodha ya majina: kila jina mara moja, kwa tahajia moja, na aina zake nyingine pembeni. Bila karatasi hiyo, mtu yuleyule atakuwa "Mama Zuu", "mama Zu" na "M. Zuu", na kazi zake tatu hazitakutana kamwe.

Kurasa zihesabu zote pamoja na jalada. Kwenye kijarida cha pini za katikati hesabu lazima igawike kwa nne. Ukipata 22, karatasi moja imechomoka nusu au umeruka ukurasa. Hesabu tena kabla ya kumlaumu mchapaji.

Assalaam alaykum. Niko Unguja. Pini za vijarida zimeota kutu hadi zinatoboa karatasi, na boksi moja limeingia ukungu. Mama ananiambia nivianike juani kama tunavyoanika nguo za sandukuni. Ni sawa? (Msomaji, Mji Mkongwe)

Waalaykum salaam. Mama yuko sahihi kuhusu kukausha. Hilo jua ndilo tulilo na wasiwasi nalo. Wino mweusi wa mashine ya fotokopi una kaboni na hauogopi mwanga, lakini karatasi za rangi, kalamu za wino, kalamu za kupakia rangi na picha za printa ya nyumbani hupauka upesi. Karatasi ya magazeti hugeuka njano ndani ya siku chache. Vianike kivulini penye upepo, vikiwa vimesimama na kufunguliwa kama feni, kila kimoja mbali na mwenzake. Feni ya umeme ielekezwe ukutani ili hewa izunguke. Isivipulize moja kwa moja.

Boksi la ukungu litoe chumbani leo hii. Vya ndani yake viweke kwenye mifuko ya karatasi. Nailoni hufungia unyevu na kuulisha ukungu. Vikikauka, na ukungu ukawa vumbi kavu badala ya utelezi, toka nje, vaa barakoa ya N95, upige mswaki laini kuelekea upande upepo unakoenda, kutoka mkunjoni kwenda nje. Usitumie kitambaa kibichi, na Jiki isikaribie: hupausha wino na kuila karatasi. Madoa yatabaki. Kazi yako ni kuuzuia ukungu usiendelee. Kurudisha weupe haiwezekani kwa mikono ya nyumbani.

Chanzo ni hewa. Ukungu huota pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 hadi 70 kwa muda, na pwani yetu hupita hapo sehemu kubwa ya mwaka. Nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali, kiweke nyuma ya rafu, si katikati ya chumba, maana nyuma ndiko hewa inakosimama. Rafu ikae sentimita 10 kutoka ukutani, hasa hizo kuta nene za mawe na chokaa zinazonyonya maji, na ubao wa chini uwe sentimita 15 juu ya sakafu. Kabati la chuma lisilo na matundu ni kaburi. Vipakiti vya silika vinafanya kazi ndani ya chombo kinachofunga kabisa tu. Kwenye rafu ya wazi utakuwa unajaribu kukausha bahari.

Kutu sasa. Pini ambayo haijaota kutu iache, ni sehemu ya kijarida. Iliyoota, fungua kijarida katikati, weka kipande cha plastiki ngumu na nyembamba chini ya miguu ya pini, inua miguu hiyo polepole kwa kisu butu hadi isimame wima, kisha geuza na uivute kutoka upande wa mgongo. Kile kidude cha meno cha ofisini cha kung'olea pini hupasua karatasi iliyolegezwa na kutu, kiache mezani. Halafu shona kwa uzi wa pamba kupitia matundu yaleyale: ingia kwa tundu moja kutoka ndani, rudi kwa la pili, funga fundo ndani bila kukaza sana, la sivyo uzi utakata karatasi kama waya. Kwenye maelezo andika kwamba pini zimeondolewa. Anayesoma baada ya miaka thelathini atataka kujua kilifungwaje.

Ukivitia kwenye plastiki, chagua polipropilini au poliesta. Zile faili laini zenye harufu kali ya plastiki mpya mara nyingi ni PVC, na PVC hunyonya wino wa fotokopi: siku utakayotoa kijarida, maandishi yatabaki yamenata kwenye plastiki yakisomeka kinyume. Risiti zilizobandikwa kurasani ni karatasi ya joto na zitafutika zenyewe hata gizani. Piga fotokopi yake mapema, iweke nyuma ya kijarida.

Vijarida vipya vikifika na dalili za wadudu, visiingie rafuni. Funga kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, weka kwenye friza ya nyumbani kwa wiki mbili. Vikitoka usifungue mifuko kwa saa 24, kwa sababu karatasi ya baridi ikikutana na hewa yetu ya joto itatoa jasho, na hapo utakuwa umetoka kwa wadudu ukarudi kwa ukungu.

Wakuu, kuna mtu amejitolea kuskani vijarida vyetu vyote na kuviweka mtandaoni bure. Wenzangu wamefurahi. Lakini wiki jana mwandishi mmoja amepiga simu anataka chake kitolewe hata rafuni, anasema sasa ana kazi na watoto. Tunafanyaje? (Msomaji, Umoja, Nairobi)

Aliyewapa kijarida amewapa karatasi. Haki ya kukinakili bado ni ya mwandishi, tangu siku alipokiandika, na hakuhitaji kuisajili popote ili aipate. Kwa hiyo kuskani na kutangaza bila kuuliza ni kosa la hakimiliki kabla hatujafika kwenye adabu.

Na adabu ndiyo nzito zaidi. Mtu alitoa nakala thelathini kwa watu anaowajua, akaandika kuhusu mimba, baba mlevi, au bosi, akaweka namba yake ya simu nyuma. Mtandaoni, jina lake likitafutwa na mwajiri, kitu cha kwanza kitakuwa ukurasa huo. Wakutubi wa vijarida wa Marekani waliliona hilo na kulijadili kwa miaka, wakatoa kanuni zao za maadili mwaka 2015: uliza kwanza, na ukiombwa kutoa, sikiliza. Kenya sheria ya kulinda data binafsi ipo tangu 2019, na Tanzania tangu 2022. Namba ya simu na hadithi ya ugonjwa wa mtu vimo ndani yake.

Mwandishi wenu mpeni njia tatu, achague. Jina lake lifutwe kwenye katalogi, mahali pake paandikwe "limefichwa kwa ombi", kijarida kibaki. Au kijarida kiende kwenye boksi lililofungwa hadi mwaka atakaoutaja. Au arudishiwe. Wengi huchagua ya kwanza wakiona wamesikilizwa. Msimwombe sababu; ameshaitoa bila kulazimika.

Kwa wengine, jazeni ile safu ya ruhusa kwa maneno manne yasiyobadilika: "hapa tu", "kuazima", "mtandaoni", "haijulikani". Kisichojulikana kihesabiwe kuwa "hapa tu". Huyo wa kuskani apewe orodha ya "mtandaoni" peke yake. Aende kwa rangi, 300 dpi (nukta kwa kila inchi) kwa kurasa za kawaida na 600 kwa maandishi madogo ya mkono, afungue kijarida kwa kukilaza bila kukivunja mgongo, na aanzie jalada la mbele hadi la nyuma pamoja na kurasa tupu. Picha ya jalada pekee, ndogo, yenye jina la kificho tu, haijawahi kutuletea ugomvi, ila na hiyo ikikatazwa, itoeni.

Fomu ya mapokezi iwe nusu karatasi: jina mtakalotumia, ruhusa, namna ya kumpata, sahihi. Fomu hizo zifungiwe mbali na katalogi, maana ndizo zinazounganisha jina la kificho na la kweli.

Vijarida vyetu huku vimechanganya Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa ukurasa huohuo, na Sheng. Safu ya lugha niijazeje? Na mada niandike kwa lugha gani? (Msomaji, Toronto)

Taja lugha zote kwa mfuatano wa wingi wake, na Sheng iandike Sheng. Mada ziandikwe kwa lugha ambayo wasomaji wako hutafutia. Kama ni mbili, fanya safu mbili na usizichanganye ndani ya moja.

Cha maana zaidi ni kuwa na orodha iliyofungwa ya maneno ya mada, 60 hadi 80, na kila kijarida kipewe mawili hadi manne kutoka humo. Bila hiyo, kijarida kimoja kitakuwa "hedhi", kingine "siku za mwezi", kingine "period", na mtafutaji ataona theluthi tu. Chagua neno moja, mengine yawe ya kuelekeza: "siku za mwezi, tazama hedhi", "daladala, tazama matatu", au kinyume chake, na mgombane mara moja tu. Hapo Kanada mna jirani wa kuiga: Anchor Archive ya Halifax ilitunga orodha yake yenyewe ya mada kwa ajili ya vijarida, kwa sababu maneno ya maktaba kubwa hayakuzungumza kama vijarida vinavyozungumza. Neno jipya liongezwe pale tu vijarida vitatu vinapolihitaji.

Vinaibwa. Tumeweka daftari la kuazima, watu wanaandika majina ya uongo. (Msomaji, Arusha)

Azimisheni vile tu vyenye nakala mbili, vingine visomewe hapo hapo mezani. Kijarida kinaingia mfukoni bila hata kukunjwa, kwa hiyo msimpe mtu boksi zima: vitatu kwa mara moja, vikirudi vinahesabiwa mbele yake. Mara moja kila miezi mitatu pitieni rafu kwa katalogi, namba kwa namba, na kilichokosekana kiandikwe "hakipo" pamoja na tarehe. Msifute mstari wake. Vinavyotoweka sana ndivyo mwombe waandishi wawapigie fotokopi nyingine, na gharama ya kopi hiyo ya kurasa chache muilipe ninyi.